Feierabend ya Shemeji

Kibanda cha Roswitha kimebanwa kwenye kona, mkabala na lango la mgodi wa zamani, na benchi lake limekaa chini ya bati, mgongo ukutani, uso langoni. Lango lenyewe siku hizi halina mgodi. Mashimo yalijazwa zege, mnara wa kushushia watu ukaachwa umesimama kwa ajili ya wageni wanaokuja kupiga picha na wasinunue hata gazeti. Lakini wazee wa benchi hawakujazwa zege. Kila siku saa nane mchana, saa ile ile zamu ya asubuhi ilipokuwa ikitoka chini na nyuso nyeusi, utawaona hao wanakuja mmoja mmoja, wamenawa, wamechana nywele, hawatoki kufanya lolote, wanajitupa kwenye benchi na kuambiana: Feierabend. Ndilo neno letu hapa bonde la Ruhr, Ujerumani, mtu akiweka koleo chini. Feier ni sherehe, Abend ni jioni, yaani jioni ya sherehe, na mtu akishalitamka hata mfalme hana ruhusa ya kumtuma dukani. Wazee hawa hawajashika koleo miaka ishirini na ushei, na neno bado wanalitamka kila siku, tena kwa kuguna, kama watu waliochoka kweli.

Siku hiyo ya Novemba, manyunyu yakinyesha kwa uvivu, aliyechoka kweli alikuwa ndani ya dirisha. Roswitha alikuwa na jambo la kuwaambia, na jambo lenyewe lilimkaa kooni wiki ya pili sasa. Anafunga kibanda. Wala si mwezi ujao, wala si baada ya Krismasi. Leo ndiyo siku ya mwisho. Magoti yamekataa, nyonga imekataa, daktari amesema mama chagua, kusimama au kutembea, vyote viwili huna tena. Kesho asubuhi anakabidhi ufunguo, na pale dirishani patawekwa makabati ya chuma ya kupokelea vifurushi. Mwanawe anayeishi mji wa Kassel ameshamtandikia kitanda. Ni wazee hawa tu ndio hawajui, na kila alipojaribu kuwaambia, mmoja alikohoa, mwingine akaanza hadithi, na yeye akajikuta anamimina kahawa.

— Feierabend, alisema Nyapara, akishuka kwenye benchi kwa awamu mbili.

Huyu jina lake ni Reinhold. Alikuwa msimamizi chini ya ardhi, na hadi leo hawezi kumwona mtu amekaa bila kumtafutia kazi.

— Feierabend, aliitikia Kengele.

Kengele ni Alfons, mtu wa kanisa, aliyekuwa akivuta kamba za kengele za parokia kabla hazijatiwa umeme. Tangu zitiwe umeme hana raha.

— Feierabend, alisema Njiwa, akakohoa.

Njiwa ni Ewald, mfuga njiwa wa mashindano. Mapafu yake yamejaa vumbi la makaa, lakini maneno yanapita.

— Na mimi pia, alisema Birika.

Birika ni Nurettin, aliyekuja kutoka Uturuki akiwa kijana mwenye masharubu, na sasa ana masharubu tu. Kahawa ya hapa anaiita adhabu. Hutembea na chupa yake ya chai.

— Shemeji, kahawa, aliagiza Nyapara. Na leo usiitie maji. Ya jana ilikuwa maji ya kuoshea vyombo.

— Ya jana ulikunywa vikombe vitatu, alisema Roswitha.

— Nilikuwa natafuta kahawa ilipo.

Wote wanamwita shemeji kwa sababu ya marehemu Hubert, mumewe, aliyekuwa nao kwenye kikosi kimoja. Hubert ndiye aliyefungua kibanda mgodi ulipoanza kupunguza watu, na kabla hajafa alimwambia mkewe maneno mawili tu ya maana: usiwafungie hawa. Roswitha hakuwafungia. Aliwamiminia vikombe vitatu, akaviweka kwenye ubao wa dirisha, na Birika akavigawa kama kawaida.

— Pipi za mnanaa ziko wapi? aliuliza Njiwa.

— Zimeisha.

— Jana ulisema zimeisha.

— Ziliisha jana, na leo zimeisha vilevile.

— Duka gani hili. Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Hiyo inahusiana nini na pipi? aliuliza Birika.

— Inahusiana na ukavu. Koo langu ni kavu.

Roswitha aligeuka akatazama rafu nyuma yake. Zilikuwa tupu. Magazeti hayapo, sigara zimekwisha, mitungi ya peremende za watoto ameshaiosha na kuifunga kwenye karatasi. Mkate wenye nyama mbichi ya kusaga na vitunguu, ambao Nyapara hula kila siku akidai samaki mkunje angali mbichi, leo haukuwepo, na Nyapara alinung'unika kidogo, akasema wachinjaji wa siku hizi hawajui kuamka, basi. Wanaume wanne wanamtazama kila siku kwenye dirisha lile, na hakuna aliyeona kwamba nyuma yake hamna kitu. Ilimuuma. Alishika ubao kwa mikono miwili, akajikaza.

— Jamani, nisikilizeni. Nina neno. Ni habari ya Feierabend, kwamba mimi...

— Hapo, alidakia Kengele, akainua kidole. Hapo umegusa penyewe, shemeji. Hawa wanalitamka kila siku na hawajui lilikotoka. Waulize. Jioni ya sherehe, sherehe gani? Nani amewaandalia?

— Mimi nilitaka kusema tu kwamba...

— Mwache aseme, shemeji, alisema Nyapara. Asiposema litamtoka kwa njia nyingine.

Roswitha akafunga mdomo. Alijiambia, mwache amalize, nitasema. Kosa lake lilikuwa hilo, maana anawajua.

— Neno ni la kanisa, alisema Kengele. Zamani kila mtakatifu alikuwa na sikukuu yake, na sikukuu ilianza jioni ya kuamkia siku yenyewe. Kengele ikilia, fundi anaacha randa, mama anaacha sufuria. Jioni ile ndiyo Feierabend. Sherehe ni ya kesho, lakini mikono inapumzika leo. Si zaidi ya hapo.

— Hapo sawa, alisema Birika. Hapo una akili.

Lau Kengele angeishia hapo, pengine siku ingekwenda njia nyingine. Lakini mtu wa kengele hajui kugonga mara moja.

— Na aliyeendelea kufanya kazi baada ya kengele, alikiona. Kijijini kwa bibi yangu, huko Silesia, palikuwa na mhunzi mbishi. Kengele ikalia, yeye akasema napiga moja la mwisho. Akapiga. Nyundo ikang'ang'ania mkononi.

— Ikang'ang'ania vipi?

— Ikaota. Akala nayo, akalala nayo, akaoa nayo. Siku ya kumzika ikabidi jeneza litobolewe upande, mpini utokeze. Watoto wa kijiji walikuwa wakitundika kofia zao pale.

— Alfons, alisema Nyapara kwa uchovu, bibi yako alikuwa anakunywa?

— Bibi yangu alikuwa mtu wa rozari.

— Rozari haimzuii mtu kunywa. Sasa nisikilizeni mimi. Watakatifu hawana kazi na neno hili. Neno ni la mgodini. Fikirini tu, chini kule jua liko wapi? Mtu atajuaje kwamba jioni imefika?

— Kwa saa, alisema Birika.

— Enzi hizo hakuna saa. Kulikuwa na farasi.

Njiwa alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Wakamngoja. Kikohozi cha Njiwa hungojwa kama treni inayopita kati ya nyumba.

— Endelea, alisema Njiwa alipopata pumzi. Farasi.

— Farasi wa kuvuta mabehewa ya makaa. Walishushwa wakiwa wadogo, wakaishi kulekule gizani. Na farasi hao walijua kuhesabu. Ukifunga behewa jipya mnyororo unalia, yeye anasikiliza. Yakifika mabehewa yake ya siku, haongezi hata moja. Mpige, mbembeleze, mwitie kasisi, hatoki. Basi kulikuwa na mmoja, kipofu, mkubwa kuliko wote. Jina lake Feier.

— Umelitunga sasa hivi, alisema Kengele.

— Feier. Akisimama Feier, wanaume wanasema, huyo amesimama, ni jioni. Feier, Abend. Hata kama juu ni adhuhuri. Nyapara wa siku hizo alijaribu kumdanganya, akafunga minyororo vitambaa isilie. Feier akamtazama.

— Si kipofu huyo?

— Akamtazama hivyohivyo. Siku ya pili yake dari likaanguka pale pale nyapara alipokuwa amesimama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Sasa mkuu hapo ni farasi? aliuliza Birika.

— Nyinyi wa siku hizi mnadhani mkuu lazima awe na suruali.

Roswitha aliona upenyo. Magoti yalikuwa yanamuwaka, na ndani ya kibanda kiti hakina nafasi. Akikaa, dirisha linampita kichwa. Miaka yote amesimama. Aliinama mbele.

— Reinhold, hiyo ni hadithi nzuri. Sasa niruhusuni niseme langu. Mimi nimefikiri sana, na mwanangu pia amesema...

— Mwanao ni mwalimu, alisema Njiwa. Mwalimu atakwambia yaliyo vitabuni. Mimi nakwambia yaliyo kwenye mabawa.

— Ewald, tafadhali.

— Dakika moja, shemeji. Sina pumzi ya zaidi ya dakika moja.

Utamkataliaje mtu wa namna hiyo? Roswitha alichukua kitambaa, akafuta ubao uliokuwa umeshafutwa. Alianza kukasirika, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, kwamba atawakosa. Atalala Kassel kwenye kitanda laini, na itafika saa nane mchana, na hakuna mtu wa kumwambia kahawa yake ni maji.

— Zamani, alisema Njiwa, neno halikuwepo. Watu walifanya kazi mpaka wakaanguka, walipoanguka ndiyo usiku. Kukawa na mfalme mmoja, simkumbuki jina, nchi hii kila bonde lilikuwa na wake. Alikuwa mgonjwa, akasema sitaki kufa kabla sijawaachia watu wangu neno moja la kupumzikia. Akaliwaza, akaliandika. Likawa refu. Mnajua maneno yetu.

— Tunayajua, alisema Birika, aliyekuwa ameyasomea ukubwani.

— Njiwa mmoja hawezi kubeba neno refu namna ile. Mimi ni mfugaji, nawaambia. Atafika amechakaa, atakosa zawadi. Basi wakalikata vipande viwili, wakarusha njiwa wawili. Wa kwanza akabeba Feier, wa pili akabeba Abend.

— Mungu wangu, alisema Kengele.

— Wa Feier alikuwa dume mwepesi, akafika Jumatatu asubuhi. Watu wakasoma: sherehe. Hakuna lingine. Wakatupa majembe, wakafungua mapipa, wakacheza kutwa nzima. Yule wa Abend alikuwa jike, akapumzika njiani kwenye paa la watu, akafika Jumanne. Wakafungua: jioni. Kumbe mfalme alisema jioni tu, wao wamesherehekea tangu asubuhi.

— Ikawaje?

— Ikawa deni. Wakubwa wakasema ile asubuhi mtailipa. Ndiyo maana nchi hii watu wanaamka na giza kwenda kazini. Mpaka leo tunailipa asubuhi ya Jumatatu ile. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo ya mwenda pole inamhusu nani? aliuliza Kengele.

— Inamhusu jike. Hakujikwaa. Alichelewa tu.

Waliipima. Si kwamba waliiamini. Ilikuwa imewachosha, na hadithi ikimchosha mtu huiheshimu. Manyunyu yaligonga bati. Nyapara alitazama ndani ya kikombe chake, Kengele akasugua viganja ambavyo kamba zilivitia sugu, kisha Birika akafungua chupa yake na kujimiminia.

— Nyote mnasema lilikotoka, alisema Birika. Mimi nitawaambia lilikofikia. Lilinifikia mimi.

— Anza, alisema Nyapara. Wewe ndiye uliyebaki.

— Nimefika mwaka wa sabini na moja, wiki ya kwanza. Kijerumani sina, nina ndiyo na hapana. Tumetoka chini, nimechoka mpaka meno. Reinhold hapa ananipiga begani, anasema Feierabend. Namuuliza mwenzangu aliyetangulia, anasema nini huyu? Ananiambia, anasema kuna sherehe jioni.

— Nani huyo aliyekwambia?

— Marehemu Cemal. Naye alikuwa na mwezi mmoja tu. Basi nikaenda bwenini. Nikaoga mara mbili. Nikavaa suti yangu, ile ya kupigia picha ya pasipoti, nikapaka viatu rangi. Nikakaa kitandani. Nikasema, watu hawa tunawasema vibaya, kumbe mgeni wa wiki moja wanamwalika. Nikangoja.

Roswitha aliacha kufuta ubao.

— Na sherehe? aliuliza Njiwa.

— Alikuja mlinzi wa bweni, akazima taa.

Nyapara alijikuna shingo.

— Ungeniambia, alisema.

— Ningekwambia kwa lugha gani? Basi kesho yake unanipiga tena begani, Feierabend. Nikajua. Hawa hawana sherehe, wana neno tu. Bwana mkubwa alitafuta cha kumpa mtu mwisho wa siku, mfukoni hakuna kitu, akampa neno sherehe aende nalo nyumbani. Huko ndiko lilikotoka. Si kwa farasi wala njiwa.

— Hayo maneno makali, alisema Kengele.

— Si makali. Nimelizoea. Hata nyumbani kwangu nalitumia, mke wangu analitumia, tena kwa Kituruki halina mwenzake. Nasema tu siku ile lilinivunja moyo.

Roswitha alimtazama Birika. Alifikiri: sasa. Wakiwa wapole hivi. Akavuta pumzi, na pumzi ilipofika mahali pa kutoka na maneno, gari dogo jeupe likasimama ukingoni mwa barabara, mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamke wa makamo mwenye sare ya buluu ya wauguzi wanaozunguka majumbani. Alikuja mbiombio akijikinga mvua kwa begi.

— Mama, umebaki na kahawa?

— Kidogo, alisema Roswitha.

Alitikisa chupa ya moto, akaikamua ya mwisho kwenye kikombe, kikafika nusu. Mwanamke alishukuru kana kwamba kimejaa. Aliegemea ukuta kando ya benchi, akafumba macho, akanywa funda moja.

— Wewe mgeni, alisema Nyapara. Unatoka wapi?

— Naitwa Danuta. Nimechukua mtaa huu tangu mwezi uliopita, mwenzangu amekwenda kujifungua. Nimetoka kumuogesha mzee wa ghorofa ya nne. Lifti mbovu.

— Feierabend, basi, alisema Kengele kwa ukarimu. Pumzika.

— Wapi. Nina nyumba sita bado.

— Afadhali umekuja, alisema Njiwa. Wewe ni mtu wa nje, tuamue. Sisi hapa tunalitafuta neno Feierabend lilikotoka. Huyu anasema kengele ya kanisa. Huyu anasema farasi. Huyu anasema bwana mkubwa. Mimi nasema njiwa, wawili.

Danuta alifumbua macho, akawatazama mmoja baada ya mwingine, akaona hawatanii. Au wanatania kwa namna ya watu wasio na kingine.

— Mimi lugha hii nimeikuta, alisema. Neno lilikotoka sijui. Lakini naweza kuuliza?

— Uliza, alisema Nyapara. Hapa kila swali lina majibu manne.

— Nyinyi mnapata Feierabend saa nane. Nimeshawaona, nikipita saa nane mnakaa. Yangu mimi nikimaliza nyumba ya mwisho. Yule mwalimu anayekaa ghorofa ya juu pale, watoto wakitoka shule. Alielekeza kikombe dirishani. Sasa huyu mama. Alfajiri nikienda kwa mgonjwa wa kwanza, taa yake inawaka. Usiku nikirudi, inawaka. Jumapili inawaka. Feierabend yake yeye ni saa ngapi?

Nyapara alianza, shemeji huwa, shemeji kwa kawaida, kisha akaacha. Njiwa alitafuta kikohozi, hakikuja. Walikuwa na farasi, walikuwa na mfalme, walikuwa na mhunzi aliyezikwa na mpini nje, na sasa wameulizwa saa tu ya mtu mmoja aliye hatua mbili kutoka walipokaa, hawana hata ya kubuni.

— Huyu ni shemeji yetu, alisema Njiwa hatimaye, kama vile hilo lilikuwa jibu.

— Nimesikia, alisema Danuta. Nimeuliza saa.

Birika peke yake ndiye aliyegeuka. Alimtazama Roswitha usoni, kisha macho yakapita bega lake, yakaingia ndani, yakaenda rafu ya juu, ya kati, ya chini. Akasimama taratibu.

— Rafu hazina kitu, alisema. Reinhold, tazama. Hakuna kitu humu ndani.

Wakatazama, wote. Roswitha aliona wanavyotazama, na aibu iliyompata ilikuwa ya ajabu, kana kwamba amekutwa hajavaa. Ndiyo aliyoyataka wiki mbili nzima, waone. Sasa walipoona alitamani angekuwa na pakiti moja tu ya mnanaa ya kuwawekea mbele.

— Leo, alisema.

— Leo nini?

— Ameuliza Feierabend yangu ni lini. Ni leo. Nafunga. Kesho nakabidhi ufunguo, Jumamosi naenda Kassel. Nimejaribu kuwaambia. Nimejaribu, jamani, hamkunipa nafasi. Miguu haifai tena. Hubert aliniambia nisiwafungie, na mimi sikuwafungia, lakini nimechoka. Nimechoka sana.

Sauti ilimkatika kwenye neno sana. Hakulia. Alishika ubao, akangoja wamlaumu, kwa maana alikuwa ameshajitayarishia lawama zao na majibu yake, moja moja, wiki mbili. Hakuna aliyemlaumu. Nyapara, ambaye maisha yake yote hakuinuka kwenye benchi lile kumpisha mtu, aliinuka.

— Sogeeni, aliwaambia wenzake. Shemeji, toka humo. Njoo ukae.

— Nina vyombo vya kuosha.

— Vyombo ni vyetu. Vyenyewe tumevishika sisi. Toka.

Roswitha alizima mtambo wa kahawa, akazunguka kwa mlango wa nyuma, mkono ukutani, akaja chini ya bati. Birika alipangusa ubao wa benchi kwa mkono wa koti lake. Akakaa. Lo, benchi lilikuwa baridi, na gumu, na lilitazama lango tupu na mvua, hakuna kingine. Alishangaa kwamba hicho tu ndicho walichokuwa wakikifuata. Magoti yake yalitulia kidogo kidogo, na alitamani kulia kwa raha hiyo.

— Na sisi? aliuliza Kengele polepole. Sisi unatufungia saa ngapi?

— Chupa imekauka, Alfons. Kopo la kahawa nalo halina kitu. Hivyo mlivyoshika ndiyo mwisho. Mkimaliza, nafunga.

Wakatazama mikononi mwao. Kikombe cha Nyapara kilikuwa na nusu, cha Kengele robo, Njiwa alikuwa amebakiza funda moja. Hata Danuta, aliyekuwa amekiinua chake kwenda mdomoni, alikishusha. Alitazama gari lake, akatazama saa, akabaki ameegemea ukuta.

Mvua iliongezeka. Wakakaa, mabega yamegusana, shemeji katikati. Baiskeli ilipita, mpandaji akawasalimia, wakamwitikia kwa vichwa.

— Kunyweni basi, alisema Roswitha. Inapoa.

— Na ipoe, alisema Njiwa.